Kikopo cha Wanja cha Mama Zuhura

Mpendwa Mama Zuhura,

Nimechoka. Wacha nianze na hilo, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiulizwa hali aseme hali, si kujibu "mzuri" huku magoti yanatetemeka. Natoka kiwandani saa kumi, nyuzi za blanketi zimejaa puani na kwenye nywele, nakaa kwenye kiti cha Baba hapo mlangoni, na hata kuvua viatu naona ni kazi. Lakini uchovu wa blanketi unaisha nikilala. Ninaokuandikia ni ule mwingine, niliotembea nao tangu mwaka wa hamsini na moja. Wewe peke yako uliona siku nilipoubeba.

Labda umenisahau. Mimi ni Rispa, binti wa fayamani wa mlango wa pili, yule mchochea moto wa injini, hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru. Yule mrefu mwenye magoti ya kugongana, dada yake Esta. Sasa nina miaka ishirini na miwili, magoti bado yanagongana, na bado tunakaa mlango ule ule. Mlango wako wamekaa watu watatu tangu uhame. Wa sasa anafuga bata, na bata wake wananya pale pale kizingitini tulipokuwa tunakaa Ijumaa baada ya shule. Kila nikiwaona nataka kuwapiga teke.

Unakumbuka hizo Ijumaa? Ulikuwa unaweka utambi wa pamba kwenye kibakuli cha mafuta ya simsim, unawasha, kisha unafunika na sahani ya bati iliyokaa juu ya vipande viwili vya tofali. Halafu basi, hakuna kitu kingine cha kufanya ila kungoja moshi upande na masizi yashike chini ya sahani. Mimi nilikuwa nainua inua sahani kuchungulia, na wewe unanipiga kidole, "Wacha iive!" Ungedhani ni maharagwe. Jioni ikikaribia ulikuwa unayakwangua kwa unyoya wa kuku, unayachekecha kwenye kitambaa cha leso, unadondosha samli tone moja, unakoroga kwa kijiti kwenye kile kikopo chako kidogo cha ugoro, cha manjano, chenye kifuniko kilichobonyea. Wanja wako ulikuwa unanuka samli. Hata leo nikipita duka la samli kule Bondeni nakuona wewe.

Mimi sikuwa nimepata kuona mtu mzima anayempa mtoto macho yake ajifunzie. Ulikaa kwenye kigoda, ukafumba, ukaniambia, "Haya, paka." Mkono ulinitetemeka nikakuchora mpaka karibu na sikio. Nilijikunja, nikingoja kofi, kwa sababu kwetu kosa lilikuwa na kofi lake, na makosa makubwa yalikuwa na mkanda wa Baba. Wewe ulichukua kioo, ukajitazama, ukacheka mpaka machozi yakaharibu hata lile jicho lililokuwa zuri.

"Futa," ukasema. "Anza tena."

Ni hivyo tu. Nilifuta, nikaanza tena, na hakuna aliyekufa. Ukanifundisha kuweka kiwiko kwenye goti ili mkono utulie. Ukanifundisha nisivute ngozi ya jicho, kwa sababu ukiivuta mstari unakaa sawa, ukiiachia unarudi umepinda. Ukaniambia nianze na lile jicho linalonisumbua, nikiwa bado na subira. Na mkia, ukasema, mkia usiuvute kutoka ndani kwenda nje kama mtu anayepiga mswaki. Weka nukta pale nje kwanza, ielekee ncha ya nyusi, kisha urudi ndani pole pole mpaka mstari ukutane na kope. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na nilikuwa najua kufanya kitu kimoja vizuri duniani. Kitu chenyewe ni hicho.

Mama yangu hakupenda. "Macho ya mkia ni ya wanawake wa Bondeni," alisema, na akina mama wa kanisa walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Lakini ni kwako alikokuja kuniombea samli Baba akinichapa mgongo ukavimba, samli ile ile, na hakusema ni ya Bondeni. Ulikuwa unaipaka kwa vidole viwili bila kuuliza nimefanya nini. Siku moja tu uliniambia juu ya Zuhura wako, kwamba alikufa na miaka mitatu, homa ya siku mbili, na kwamba alikuwa na kope ndefu. Hukusema tena.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Watoto wa Sande Skuli walikuwa waigize Malkia Esta, na kwa vile sisi tuna Esta nyumbani, mwalimu akaona Mungu amempunguzia kazi. Alikuwa na miaka kumi. Mwalimu akasema malkia lazima awe na macho ya kimalkia, na Mama akaguna, akaguna, mwisho akakubali kwa sababu ni Biblia. Wewe ndiye ungempaka. Esta aliimba wiki nzima: "Mama Zuhura atanipaka mkia, Mama Zuhura atanipaka mkia." Halafu Ijumaa ukaitwa Naivasha kwenye matanga ya shangazi yako.

Ulinipa kikopo mkononi. "Kimebaki kidogo," ulisema. "Kinamtosha Esta peke yake. Utampaka wewe, unaweza kuliko mimi sasa."

Unaweza kuliko mimi. Ai, Mama Zuhura! Ungejua ulimwambia nani maneno hayo. Jumamosi nzima, Mama akiwa sokoni, nilikaa na kioo cha Baba cha kunyolea nikajipaka. Nikafuta, nikajipaka tena. Nilikuwa mrembo, haki ya Mungu, sikuwahi kujiona hivyo na sijajiona hivyo tena. Nilitaka tu kuona mkia mrefu zaidi, halafu ule mfupi, halafu ule unaopinda juu. Nilipokumbuka kuangalia kikopo, kilikuwa kimekauka kama sufuria iliyorambwa. Wanja wa Esta niliumaliza mimi, kwa macho yangu mwenyewe, na sikuwa naenda popote.

Kutengeneza mwingine kunataka siku. Jumapili asubuhi sikuwa na siku, nilikuwa na saa moja. Na ndipo Baba akarudi kutoka zamu, akatundika ovaroli yake msumarini, na mfukoni kunaning'inia kotoni westi, zile nyuzi wanazopangusia injini. Alikuwa amepewa kazi ya kusafisha dohani ya injini. Zile nyuzi zilikuwa zimejaa masizi, meusi, mazito, yanang'aa. Masizi yako ya simsim yalikuwa kama kijivu ukilinganisha.

Watu wa nje hawawezi kunielewa, lakini wewe umekaa landhi, utanielewa. Sisi kitu kikitoka reli tulikuwa tunajua ni kizuri. Milango yetu tuliipaka mafuta ya injini mchwa wasiile. Mama alikuwa anatupaka visigino na ile grisi ya magurudumu vikipasuka, na vinapona. Mito yetu ilikuwa kotoni westi ndani. Bembea ya watoto ilikuwa mnyororo wa breki. Mtu akikuambia hiki ni cha reli, alikuwa anakuambia hakiharibiki. Kwa hivyo mimi nikasimama pale na zile nyuzi mkononi nikafikiri, kama reli inavuta mabehewa yote yale mpaka Uganda, itashindwa kumpaka mtoto wanja? Nikafurahi hata. Nikayakung'uta masizi kwenye kikopo chako, nikatia mafuta ya kupikia, nikakoroga. Yalinuka injini. Nikasema harufu itaisha.

Nilimpaka vizuri, Mama Zuhura. Nakuambia ukweli, ilikuwa mikia mizuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Nilianza na jicho la kulia, kwa sababu ndilo linalonisumbua, na nikaingiza na ndani kwenye ukingo wa kope, vile ulivyokuwa unafanya wewe. Esta akaruka.

"Inachoma, Rispa!"

"Vumilia. Malkia halii."

Akavumilia. Alisimama mbele ya kanisa zima na taji ya karatasi, machozi yanamtoka, na watu wakafikiri anaigiza. Akina mama wakafuta macho na wao.

Jumatatu jicho la kulia halikufunguka. Mama akasema ni vumbi la ziwa, si unajua lile vumbi jeupe upepo ukitoka kule chini. Akamwosha kwa maji ya chumvi. Akaomba mama mmoja anayenyonyesha amkamulie maziwa kidogo. Jumatano ndipo tukampeleka hospitali, na dresa, yule msaidizi wa daktari, akauliza, "Mmetia nini ndani ya hili jicho?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na kikapu. Mama akasema, "Wanja tu, wa jirani." Dresa akatikisa kichwa. Jicho la kushoto lilipona. La kulia liliota doa jeupe katikati, na kope ya juu ikashuka kidogo upande wa nje, ikabaki hivyo.

Wewe ulirudi Ijumaa, ukashuka na kifurushi chako cha samaki, ukakuta akina mama bombani wanakungoja. Mama ameshika kikopo.

"Wewe mama, ulipea mtoto yangu nini?" Alikuwa anapiga kelele mpaka watu wa mstari wa nyuma wakatoka. "Ulitia nini kwa hii kitu?"

"Hana mtoto," mwingine akasema. "Anaonea wivu watoto wa wenzake."

Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Na wewe ulilisikia. Uliweka samaki chini, ukachukua kikopo, ukafungua ukanusa. Nilikuwa nyuma ya Mama na ndoo. Ukainua uso ukaniangalia, si kwa muda mrefu. Nikajua umejua. Ilikuwa inanuka injini, na mtu wa landhi hafichwi harufu ya injini. Nikangoja useme. Nilikuwa nauona mkanda wa Baba mbele ya macho yangu, na wewe pia uliuona, najua uliuona, kwa sababu ni wewe uliyekuwa unapaka mgongo ule samli.

Ukasema, "Kikopo ni changu."

Na haukuwa uwongo, ndiyo sababu maneno hayo yamenikaa mpaka leo. Mama akatema mate karibu na miguu yako. Akakunyang'anya kikopo akakitupa shimo la takataka. Tangu siku hiyo ulikuwa unachota maji wengine wote wakishamaliza. Mumeo akisalimia watu kazini, wanapiga kimya. Haukuisha mwezi akaomba uhamisho. Siku mliyopakia vitu vyenu nilikuwa dirishani nyuma ya pazia. Uligeuka ukaangalia mlango wetu, ukangoja kidogo, kisha ukabeba kigoda chako ukaenda. Ningetoka. Ningetoka hata nikuage tu. Sikutoka, nilikaa nikikwaruza chokaa ya ukuta kwa kucha.

Kikopo nilikifuata shimoni jioni ile ile Mama alipokitupa. Nimekiweka miaka minane kwenye sanduku langu, nimekifunga kwa kipande cha leso.

Na unajua nimefanya nini miaka yote hiyo minane? Nimetembea. Esta haoni upande wa kulia, kwa hivyo mimi nimetembea upande wake wa kulia. Kwenda kanisani, kwenda sokoni, kuvuka reli, hasa kuvuka reli, kwa sababu injini zikitoka shedini, banda lao, zinakuja upande huo. Vijana wawili wametaka kunioa, mmoja wao mtu wa maana kabisa, nikawaambia siwezi kuhama Nakuru, nani atavuka na Esta? Watu wa kanisa walinisifu. "Rispa ana moyo." Kila nikisifiwa nilikuwa nachoka zaidi.

Sasa sikia yaliyotokea mwaka huu, wiki tatu zilizopita.

Esta amepata mtu. Ni karani wa stesheni kule Molo, kijana mpole, sauti yake haisikiki usipokaa karibu. Walionana kwenye kwaya. Mama yake na shangazi yake wakasema watakuja Jumamosi kumwona binti. Nyumbani ikawa ni kufagia na kufua mapazia. Jumanne Esta akanifuata jikoni akasimama pale akichezea mwiko.

"Rispa, utanipaka wanja."

Tangu siku ile sijamgusa mtu jicho. Nikamwambia kwamba Mama hatakubali, nikamtajia kanisa, nikamwambia mkono wangu umeharibiwa na mashine. Akaningoja nimalize.

"Wakiingia wataona jicho kwanza," akasema. "Mimi nataka wanione mimi kwanza, halafu jicho. Unaweza kuvuta mkia ukalinyanyua kidogo. Najua unaweza."

Nikatengeneza wanja, Mama Zuhura. Nikanunua simsim, nikatafuta sahani ya bati, vipande viwili vya tofali. Jumatano na Alhamisi baada ya zamu nilikaa nyuma ya nyumba nikiuacha uive, na sikuchungulia. Samli tone moja. Nilijipaka mimi kwanza, macho yote mawili, mpaka ndani ya kope, Ijumaa nikaenda nao kazini nione kama utachoma. Msimamizi akaniuliza naenda arusi gani. Haukuchoma.

Jumamosi asubuhi nikamkalisha Esta karibu na dirisha. Nikaanza na la kulia. Kope imeshuka nje, kwa hivyo nukta niliiweka juu kuliko kawaida, nikarudi ndani, nikaufanya mstari kuwa mnene pale inaposhuka. Mstari wa kushoto nikauchora nikiufuata huo. Nilipomaliza akashika kioo, akageuza uso huku na huku. Jicho bovu lilikuwa limeinuka. Doa lilikuwepo, lakini sasa lilikuwa ndani ya uso wa mtu. "Mama Zuhura atanipaka mkia," akaimba pole pole akijicheka, ule wimbo wake wa utotoni. Alikuwa anaukumbuka! Mimi nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Wageni walikuja, wakasali, wakakaa. Mama wa kijana ni mtu wa heshima, anaongea akichagua maneno. Lakini alikuja kuuliza, na aliuliza.

"Na hili jicho, mama Rispa, mtoto alizaliwa nalo?"

"La, la, hakuzaliwa nalo," Mama akasema haraka. "Tulikuwa na jirani hapa, mwanamke wa wanja, hakuwa na mtoto. Alimtilia kitu."

Shangazi akasogeza kiti. "Alimtilia kitu cha namna gani?"

"Wivu tu. Nani anajua wanatia nini."

Wakaangaliana, yule mama na yule shangazi. Nikaona kabisa wanachofikiria, kwamba labda ni uchawi, na uchawi huwa unafuata mtu mpaka kwa watoto wake. Esta naye aliona, kwa jicho lake moja. Akainamisha uso. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai. Nikakumbuka ndoo, bombani, na wewe unanusa. Nikafikiri, nikinyamaza leo nimemtupa Mama Zuhura shimoni mara ya pili, na safari hii namtupa na Esta. Nikaweka sinia chini.

"Kikopo kilikuwa chake," nikasema. "Masizi yalikuwa yangu. Nilitoa kwa ovaroli ya Baba, masizi ya dohani. Yeye hata hakuwepo. Alikuwa Naivasha."

"Rispa, nyamaza. Kuna wageni," Mama akasema.

"Nimenyamaza miaka minane, Mama. Nimechoka."

Nikasema yote, hata kioo, hata vile nilivyoumaliza kwa kujiremba. Baba akasimama, akachukua kofia akatoka. Mkanda wake siku hizi unashikilia suruali tu, lakini hata hivyo mgongo ulinisisimka. Yule mama wa kijana akakaa akitazama mikono yake. Mwishowe akasema, "Tumesikia. Tutakunywa chai, halafu tutakwenda." Wakanywa, wakaenda, hawakusema watarudi.

Esta nilimkuta bombani. Machozi yalikuwa yanatoka macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona, na wanja umeshuka mpaka kidevuni.

"Miaka yote hiyo umetembea upande wangu," akasema. "Mimi nilidhani unanipenda tu."

Nikamwambia nampenda. Nikamwambia ni vyote viwili. Akafungua bomba, akanawa, akaniacha.

Jumapili iliyofuata aliondoka kwenda kanisani peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Kwenye reli alisimama, akageuza kichwa chote upande wa kulia, akageuza cha kushoto, akavuka. Kumbe anajua kuvuka! Labda amejua siku nyingi. Nilikaa chini kwenye nyasi, na sare ya kanisa, nikashindwa kujua nicheke au nilie, basi nikapumzika tu.

Wiki mbili hakuniambia neno. Chakula anaweka, anatoka. Mama naye alikuwa anatembea nyumbani kama mtu aliyepoteza funguo. Juzi alikuwa anachambua mchele, mimi nafua, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Yule mama, alihamishiwa wapi?" Nikamwambia sijui. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nilimtemea mate." Nikasema, ndiyo, ulimtemea. Akafunika sinia akaingia ndani, na mchele haujaisha. Siwezi kumsemea mama yangu, lakini nimeona nikuambie vile ilivyokuwa.

Halafu jana gadi wa treni ya Molo akatuletea neno: watu wa kijana watakuja tena Jumamosi. Hakuna maneno mengine, ni kwamba tu watakuja, na tusijisumbue na kuku.

Leo asubuhi Esta alikuja na kioo na ule wanja mpya, akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Akafumba macho. Nilidhani naota.

"Sijakusamehe," akasema. "Ni vile hakuna mwingine anajua kuvuta mkia. Nataka tujaribu kabla ya Jumamosi."

Nikaweka kiwiko kwenye goti. Lakini wapi! Mkono ulikuwa unacheza kama siku ya kwanza kabisa, nikampiga mstari ukaenda karibu na sikio. Akafungua jicho lake zuri, akajitazama. Nilijikunja. Nina miaka ishirini na miwili, Mama Zuhura, na nilijikunja.

"Futa," Esta akasema. "Anza tena."

Sijui kama anajua ni maneno ya nani. Mimi nilifuta, nikaanza tena.

Ndiyo nimekaa hapa mlangoni nakuandikia, na viatu sijavua. Mtu mmoja anasema uko Gilgil, mwingine anasema mlipelekwa Kisumu, mwingine anasema Njoro. Kwa hivyo nitampa barua hii gadi, na bahasha siifungi. Nimemwomba aisome, ampe na mwenzake aisome, isomwe kwa sauti kila landhi treni inaposimama, bombani, watu wakiwa wengi. Jina lako liliharibiwa mbele ya watu. Nikikuandikia kwa siri nitakuwa nimenyamaza tena. Yeyote anayesoma haya asikie kutoka kwangu: Mama Zuhura hakumtilia mtoto kitu. Alimficha mtoto mwingine asipigwe.

Siombi unisamehe. Nimechoka hata kuomba. Ila kama uko hai, na kama macho yako bado yanaona karibu, Esta ataolewa na mimi nahitaji mtu wa kuniambia kama mikia yangu iko sawa. Kikopo nimekisugua kwa majivu mpaka kimerudi manjano, na kifuniko bado kimebonyea pale pale. Hakinuki injini tena. Ni chako. Njoo ukichukue.

Ni mimi, binti wa mlango wa pili uliyempa macho yako ajifunzie,

Rispa